Jikoni kwa Bi Nasra

Siku mliyonikatia keki ya kuniaga, mmoja wenu aliniuliza nilijifunza wapi kupika. Nikamjibu "huko huko", kwa sababu kinywa changu kilikuwa kimejaa keki, na kwa sababu jibu lenyewe si la kutolewa watu wamesimama na vikombe vya plastiki mkononi. Sasa nimestaafu, nna wakati wa kutosha, na nyumba yangu hapa Sib mchana inakuwa kimya. Basi nakuandikieni. Hoteli yenu sitaisemea, mnaijua kuliko mimi. Nataka kukuelezeni nilikokuwa kabla sijaja kwenu, na mwanamke aliyenifunza, maana kila mlichokuwa mkinisifia ni chake.

Mkahawa wetu ulikuwa Alkhuwair, hapa Maskati, nyuma ya wizara, chini ya jengo la fleti, baina ya dobi na kinyozi. Bango lake liliandikwa "Vyakula vya Krioli", na watu wakiingia kuuliza kama Krioli ni jina la mtu. Mwenyewe, Bi Nasra, akiwajibu, "Ndiyo. Ni mama yangu." Hakuwa akitania sana. Mama yake alikuwa Mshelisheli aliyeolewa Unguja na Muomani, akasilimu, akajifunza biriani na pilau kwa wakwe zake, lakini siku akiachiwa jiko peke yake alipika vya kwao: pweza wa nazi kwa mdalasini, papa aliyechemshwa akavurugwa kwa manjano na ndimu, mchuzi mzito wa nyanya na tangawizi waliouita rugai, na ndizi za nazi na vanila walizoziita ladobu. Bi Nasra alikulia katika jiko hilo. Alipohamia Maskati akiwa msichana alikuja na Kiswahili cha Unguja, Kikrioli cha kutukania, na mapishi ya mama yake kichwani. Mumewe alipofariki na watoto wakawa wakubwa, alifungua mkahawa. Watoto walimwambia apumzike. Aliwaambia atapumzika akifa.

Mimi nilifika pale nimeachika, nakaa na mama yangu, sijawahi kuajiriwa na mtu. Nilivaa abaya mpya kama naenda harusini. Bi Nasra hakuitazama abaya, alitazama mikono.

"Umewahi kukuna nazi?"

"Nimekuna."

"Za nyumbani, au za kazi?"

Sikujua tofauti. Alinipa mbuzi ya kukunia na gunia la nazi za Salala, akaondoka. Mashine ya kukunia ilikuwepo pale pale pembeni, imefunikwa kitambaa, kama mgeni aliyekuja bila ya kualikwa. Jioni nilirudi Sib nimeshika usukani kwa viganja, vidole havikunjiki. Mama yangu aliponiuliza kazi ikoje, nilimwambia nzuri, kisha nikamwomba anifungue vifungo.

Bi Nasra hakufundisha kwa kueleza. Alifundisha kwa kukusukuma kando. Akija kwenye sufuria yako, akifunua kifuniko kidogo tu, akiinama, akivuta pumzi, basi. Hakuonja. Sisi tulionja kwa vijiko mpaka njaa ikatutoka, yeye akipitisha pua tu juu ya mvuke na kusema, "Hii bado chumvi." Nilidhani ni maringo. Siku moja nilimwambia chumvi haina harufu. Akanambia, "Chumvi haina. Mchuzi usiokuwa na chumvi unayo." Ilinichukua muda mrefu kumwelewa, na nilipomwelewa niliacha kutembea na kijiko mfukoni.

Biashara mwanzoni ilikuwa dhaifu. Watu wa wizarani walitaka wali na kuku, wakipewa papa wakiuliza kama ameharibika. Binti yake Bi Nasra, aliyesoma mambo ya biashara, alimshauri aweke ofa: ukinunua kimoja unapata cha pili, na mengine kama hayo. Bi Nasra alisikiliza, akaenda kuandika yake mwenyewe kwenye ubao wa mlangoni. Iliandikwa: "Njoo na mzee wako Jumatano. Mzee hali kwa pesa." Binti yake alishika kichwa. Lakini ofa ile ilituokoa. Vijana wa maofisini walianza kuleta mama zao, bibi zao, wajomba zao waliozaliwa Unguja na Pemba na Mombasa, watu waliokuwa wakishinda nyumbani mbele ya televisheni. Wazee wengine hawakuwa na wa kuwaleta, basi Bi Nasra alikodi gari kuwafuata Sib na Sidab. Jumatano ukumbi ukinuka udi na dawa ya kuchua viungo, na kelele zake ungedhani kuna ugomvi. Walikuwa wanaulizana tu nani alikuwa jirani ya nani.

Aliyepiga kelele kuliko wote ni Mzee Hilal wa Sidab, aliyekuwa karani wa forodha ujanani mwake Unguja. Kila Jumatano alimwita Bi Nasra aje mezani.

"Nasra, huyu pweza hakupigwa."

"Kapigwa tangu asubuhi. Meno yako ndiyo yaliyopigwa."

"Nirudishie pesa zangu."

"Pesa zipi, Hilal? Umewahi kulipa?"

Ukumbi mzima ukicheka, na wiki iliyofuata waliyarudia yale yale, na watu wakicheka vile vile.

Aliyewahudumia wazee wale ni Rehema, msichana wa Tanga. Alikuja Maskati kufanya kazi za ndani, mkataba wake ulipokwisha Bi Nasra akamchukua. Kiswahili chake kiliwachekesha wazee, akisema "naomba nikusaidie sahani", Mzee Hilal akimjibu, "Chukua, mwanangu, huna haja ya kuniomba, si kiwanja." Alikuwa mwepesi, hakusahau nani anakatazwa sukari na nani anajidai hakukatazwa.

Jumatano moja, tukiwa tunapakua, simu yake ililia. Aliisikiliza amesimama na sinia mkono mmoja. Akaliweka sinia taratibu, akanambia, "Mama Zuwena, mama yangu amefariki. Wanazika leo alasiri." Kisha akalichukua tena sinia aende nalo mezani. Nilimshika mkono.

"Kaa chini, mwanangu."

"Nikikaa sitainuka. Niache nifanye kazi."

Ndege ya kumfikisha mazikoni haikuwepo. Bi Nasra alizima majiko yote, akatoka ukumbini na aproni yake, akawaambia wazee kwa sauti ya kawaida: "Rehema amefiwa na mama yake, na hawezi kuwahi. Matanga yako hapa."

Sitasahau vile viti vilivyoburutwa. Mzee Hilal alikuwa wa kwanza kusimama, akawatoa wanaume nje kwenye baraza ya dobi. Dobi, Mhindi wa watu, alizima pasi zake akawaletea maji. Wanawake walisogeza meza ukutani, wakatandika vitambaa vya meza sakafuni, wakamweka Rehema katikati. Wakasoma Yasini. Baada ya kusoma wakamuuliza, "Mama yako akiitwa nani?" Akawaambia, Mwanahawa. "Alikuwa mtu wa namna gani?" Akaanza kusema, na wale bibi ambao hawajapata hata kuiona Tanga wakaitikia na kulia naye kama waliomjua. Watu wa wizarani waliokuja kula walikuta mlango wazi na matanga ndani. Baadhi yao walirudi. Wengi walivua viatu.

Ilikuwa hivyo mpaka siku ya tatu. Rehema alinambia baadaye, tunaosha vyombo, "Mimi nilidhani huku nina mwajiri tu." Muda si mrefu Bi Nasra alimpa funguo za mkahawa. Hakukuwa na barua wala hotuba. Alimtupia tu kutoka mlangoni, Rehema akazidaka, na kuanzia hapo yeye ndiye mkuu wa ukumbi.

Kisha ikaja korona. Mtanisamehe nikipita haraka hapa. Tulifunga ukumbi lakini jiko halikuzimwa. Bi Nasra alipika, mimi na Rehema tulibeba, tukiacha vyakula milangoni mwa wazee wetu na kurudi nyuma. Wao wakituonyesha mkono dirishani. Kuna nyumba tulizokwenda wiki hii tukaonyeshwa mkono, wiki ijayo mlango ukafunguliwa na mtoto wa marehemu, anatuambia tusilete tena, ahsanteni. Tulirudi garini na chakula chao, na hatukujua tukifanye nini. Rehema aliwahi kuniendeshea mpaka Alkhuwair sufuria la pweza limo mapajani mwangu, bado lina moto.

Bi Nasra naye aliugua. Alilazwa, tukakata tamaa, akarudi. Alirudi amekonda, lakini siku aliyoingia jikoni alitukana kwa Kikrioli na sisi tukasema alhamdulillahi, mama amepona.

Tulipofungua tena, Rehema alirudisha sahani ya pweza iliyoguswa tu. "Mama Zuwena, onja." Nikaonja. Chumvi imepita mpaka. Tulingoja Bi Nasra atoke, tukaongeza tui, tukasema leo kapitiwa. Kesho yake rugai ikaja haina chumvi kabisa. Siku nyingine kitunguu kiliungua mbele yake na yeye amesimama anakikoroga, mimi ndiye niliyepiga mbio kutoka stoo. Hapo nikajua. Rehema alinambia, "Tumwache tu, tutakuwa tunarekebisha." Nilifikiri sana. Wateja walikuwa watu wa adabu, wasingemwambia. Lakini nilijiona mwenyewe nikiwa na umri wake, watu wanarekebisha nyuma ya mgongo wangu na kunichekea mbele. Sikuitaka hali hiyo kwa mtu niliyempenda.

Nilimwambia asubuhi, kabla ya wengine kuja.

"Bi Nasra, mchuzi wa jana ulizidi chumvi."

Hakugeuka. "Na wa juzi?"

"Na wa juzi."

"Na nyinyi mkitia tui nikigeuka."

"Tukitia."

Aliweka mwiko chini. "Sisikii harufu, Zuwena. Tangu kule hospitali. Nnafunua sufuria, naona mvuke tu, kama maji ya kuogea. Nnatia kwa kukumbuka."

"Daktari kasemaje?"

"Kasema nisubiri. Basi ndiyo nnasubiri hivyo."

Akaketi kwenye kigoda cha mbuzi. Nilimwona analia kwa mara ya kwanza, na alilia kama afanyavyo kila kitu, haraka haraka, akamaliza, akajifuta kwa aproni. "Khalas," akasema. "Utanisikilizia wewe."

Tukaanza hivyo. Nilipika, yeye akikaa kando ya jiko. Nikifunua sufuria akisema, "Nambie."

"Inanukia vizuri."

"Vizuri si harufu. Vizuri ni neno la mteja. Nambie."

Nikajifunza kumwambia. Mdalasini umetangulia. Tangawizi bado mbichi, iko kando peke yake. Nazi imeanza kukatika, inanukia kama mafuta ya nywele. Akifumba macho na kusikiliza, kisha akitoa amri: punguza moto, tia ndimu, iache. Na chakula kikarudi kuwa chake. Nyinyi mlinicheka pale hotelini kwa kusema peke yangu mbele ya jiko. Nilikuwa sisemi peke yangu. Ni mazoea ya miaka ile.

Lakini siku ya ladobu nilishindwa. Nilipasua vanila, nikaitia katika tui, akanambia, "Hiyo vanila, nambie." Nikasema tamu. Akatikisa kichwa. Nikasema kama maziwa, kama mbao, kama halua ikiwa ya moto. Akatikisa kichwa.

"Mama yangu akiiweka kabatini," alisema, "baina ya nguo zake. Akitufungulia siku ya Idi, ndiyo harufu ya Idi hiyo. Sasa nnakumbuka kabati. Nnakumbuka nguo, ile ya kijani na ile ya maua. Harufu nnaitafuta haipo. Nimepotezewa mama yangu mara ya pili, Zuwena, na mara hii hakuna wa kuja kunipa pole."

Nilimpa pole. Nilimshika mikono nikampa pole kama anavyopewa mfiwa, na yeye akaipokea.

Ubao wa Jumatano aliurudisha mlangoni, maandishi mapya kwa chaki mpya. Vijana walikuja. Walikuja peke yao. Wakisoma ubao wakisema, "Yule niliyekuwa nikija naye katangulia." Gari la Sidab likirudi na watu wachache, kisha likawa linarudi na Mzee Hilal tu. Alikaa meza ile ile akamwita Bi Nasra, akasema pweza hakupigwa, akajibiwa kuhusu meno yake. Hakukuwa na wa kucheka isipokuwa mimi na Rehema, na sisi tulicheka kwa nguvu kupita kiasi. Bi Nasra aliona. Alivuta kiti, akaketi mbele yake, wakala pamoja.

Baada ya Ramadhani alikuja binti yake Mzee Hilal, peke yake. Siku hiyo alivaa abaya ya kazini tu, akaja akaketi kwenye kiti cha babake na kuweka mkoba mezani. Rehema alimwona, akarudi jikoni. Bi Nasra alichungulia, akavua aproni, akaenda kumkumbatia. Aliporudi alinambia, "Nafunga."

Nilimbishia. Nilimwambia mkahawa umejaa kila usiku, vijana wanaupenda, tunaandikwa kwenye mitandao.

"Wanapiga picha sahani," akasema. "Si vibaya, na wanalipa. Lakini mimi nilitaka kumpikia mtu anayeweza kunambia nimekosea. Aliyebaki ni wewe tu, na wewe unanionea haya."

Alifunga bila ya sherehe. Siku ya mwisho tulipika vyote, na walioalikwa ni dobi, kinyozi, watoto wa marehemu wa Jumatano, na yeyote aliyepita. Masufuria aliyapeleka msikitini kwa mapishi ya futari. Mimi alinitafutia kazi hotelini kwenu, alinisifia katika simu nimesimama mbele yake, akakata, akanambia, "Usinifedheheshe." Rehema alipata kazi katika duka la mikate Sib. Ijumaa tukienda pamoja nyumbani kwa Bi Nasra, Sidab, kumtazama.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Kwanza alitupokea mlangoni, kisha kitini, kisha kitandani. Ijumaa moja binti yake alitoka kwenda dukani, na Bi Nasra akaniashiria nisogee.

"Nikuulize kitu, nambie kweli. Kama unavyonambia sufuria."

"Uliza."

"Mimi nnanuka?"

Sikutarajia swali hilo. Akaendelea, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake jikoni: "Sijui, unaona? Watu wanakuja kunitazama, wanakaa kidogo wanaondoka. Wanangu hawasemi. Nnalala hapa siku nzima, na sijui nnanukaje."

Nikainama shingoni mwake, nikavuta pumzi kama alivyonifunza. Nilifikiri kumdanganya, lakini angenijua. "Dawa," nikamwambia. "Dawa iko mbele. Shuka zimelaliwa. Jasho kidogo. Na mafuta ya nazi kichwani."

Alifumba macho. "Basi si vibaya sana."

"Si vibaya sana."

Mimi na Rehema tulipasha maji, tukamkogesha, tukabadilisha shuka, tukamtilia marashi ya mawaridi, tukafukiza udi chini ya nguo zake na katika nywele. Rehema alimchana na kumsuka vimkia viwili kama msichana. Tulipomlaza, alisema, "Na sasa?"

"Sasa unanukia."

"Kunukia si harufu, Zuwena."

Nikakaa kitandani nikamwambia yote, moja moja, mpaka usingizi ukamchukua.

Hakufika Ijumaa ya pili. Binti yake alinipigia simu asubuhi nikiwa kazini, mtakumbuka siku niliyoondoka na kofia ya jikoni kichwani. Nilipofika Sidab wanawake walikuwa wamekwisha kupasha maji. Binti yake akanambia, "Ingia, Khalti Zuwena. Angependa uwepo." Rehema alikuwa ndani tayari, amekunja mikono ya nguo.

Tulimwosha chini ya mwongozo wa bibi mmoja wa hapo mtaani, mtu mzoefu, mkimya. Maji ya kwanza, maji ya mkunazi. Yote niliyafanya kwa utulivu. Kisha bibi yule akaivunja kafuri ndani ya maji ya mwisho na akanipa bakuli nimwagie, na ile harufu ikanipanda mara moja, nikajisikia nasema, si kwa sauti kubwa, "Hii ni kafuri, Bi Nasra. Ya baridi. Imekwenda moja kwa moja machoni. Nyuma yake kuna majani ya mkunazi, kama chai isiyokolea."

Nikaishia hapo, nikaona haya. Yule bibi alinitazama, kisha akamtazama Bi Nasra, akalijaza bakuli tena akanirudishia.

"Endelea," akasema. "Mwambie taratibu."